Plagi Mbili za Sylvance Odero

Sylvance Odero alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika karakana ya reli, akitengeneza breki za hewa za mabehewa, kabla hajagusa kitu chochote cha kwenda angani. Alipostaafu alibaki kushinda nyumbani, katika nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, kule mtaa wa Jericho, Nairobi, mzima wa afya lakini mikono haina la kufanya. Mkewe, Benta, alizoea kusema kwamba miezi ile mitano ya kukaa bure ilimzeesha mumewe kuliko miaka yote ya kazi.

Ndipo alipokuja Idil Kahin. Alikuwa injinia wa miaka thelathini na minne, binti wa mfanyabiashara wa vitambaa wa Eastleigh. Yeye na wenzake wachache walikuwa wamekodi godauni karibu na Barabara ya Jogoo, wakiunda setilaiti ya kutazama mvua na malisho ya kaskazini. Aliuliza huku na huku ni nani Nairobi anayeweza kuunga mabomba membamba kama mrija wa soda yasivuje hata pumzi, na wazee wa reli wakamtajia jina moja. Akaja Jericho, akanywa chai ya Benta, akamwambia Odero waziwazi kwamba hana mtu mwingine wa kumwendea. Odero alianza kazi kesho yake. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na kila asubuhi alipovaa koti jeupe la kazi alijiona kama mtu aliyeongezewa maisha.

Kwa miaka miwili na nusu aliunga mabomba, vali na nyaya. Kisha setilaiti ikatiwa kwenye sanduku, ikapelekwa ng'ambo, ikajazwa mafuta huko na kurushwa kwa roketi Jumanne moja ya mwezi wa Machi. Roketi iliiachia angani, ila chini ya kimo chake, kama walivyokubaliana. Kutoka hapo ilipaswa kujipandisha yenyewe kwa visukumizi vyake vinne, yaani injini ndogo zisizozidi ngumi ya mtoto. Isipopanda, hewa kidogo iliyoko huko ingeivuta chini polepole mpaka iteketee. Walikuwa na siku kumi na moja.

Jumatano walijaribu kuviwasha. Cha kwanza na cha nne viliitika. Cha pili na cha tatu vilikataa, na kwa viwili peke yake chombo kingebiringika tu badala ya kupanda.

Alhamisi asubuhi Idil alimpigia Odero simu, akamwomba aje awaeleze jinsi alivyozifunga vali, yaani vilango vya mafuta, za visukumizi hivyo viwili. Hakumlaumu kwa lolote, ila Odero alitembea kutoka Jericho hadi godauni akijiuliza wapi amekosea. Alijua kila kiungo cha chombo kile kimepita mikononi mwake.

Kwenye chumba cha mawasiliano alimkuta Jecinta, mwanamke aliyekuwa akituma amri angani kila setilaiti ilipopita juu ya Nairobi. Ilipita mara kadhaa kwa siku, dakika tisa hivi kila mara. Jecinta akamweleza mambo yalivyo. Mafuta ya visukumizi huganda kama samli yakipata baridi, kwa hiyo kila vali ina hita ndogo, hita ya akiba na kipimajoto chake. Kompyuta ikisoma baridi, inawasha hita, na haifungui vali mpaka isome joto. Sasa vali ya pili ilisoma joto la kutosha lakini haikufunguka, na mainjinia wakaamua kwamba imekwama, wailazimishe kwa umeme mkali. Vali ya tatu ilisoma baridi ingawa hita yake ilikuwa imewaka tangu Jumanne, nao wakaamua kwamba hita ni dhaifu, wawashe na ile ya akiba. Amri zote mbili zingetumwa saa tano na nusu.

Odero aliomba aonyeshwe vipimo vya vali zote mbili kwenye karatasi moja. Mpaka wakati huo watu wawili tofauti walikuwa wakishughulikia vali mbili tofauti, kila mmoja na meza yake. Alivaa miwani akasoma mstari kwa mstari.

"Hita ya pili imezimwa tangu juzi," alimwambia Jecinta. "Sasa vali ya pili inapashwa joto na nini?"

Jecinta akainama kuisoma upya karatasi. Odero alishukuru, akaondoka taratibu kwenda chumba cha nyuma, kulikokuwa na pacha wa setilaiti ile, chombo cha majaribio kilichobaki mezani. Alizishika plagi za vipimajoto, ya pili na ya tatu. Zilifanana kabisa, na waya wa kila moja ulifika kwenye tundu la mwenzake bila kuvutwa.

Hapo akaikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa siku moja kabla ya sanduku kufungwa. Aliombwa akaze bomba moja lililokuwa nyuma ya plagi hizo, akazichomoa zote mbili ili apate pa kupitisha spana, akakaza, akazirudisha, kumbe kila moja kwenye tundu la mwenzake. Kwenye daftari la kazi aliandika habari za bomba. Habari za plagi hakuziandika, kwa kuwa lilikuwa jambo la dakika mbili. Na kwa kuwa ndani ya godauni joto ni moja, vipimajoto vyote vilisoma sawa, hakuna aliyeona tofauti.

Aliziachia plagi. Mtu wa kumshuhudia hakuwepo, na chombo kilikuwa mahali ambapo hakuna binadamu angekifungua tena. Lakini alijua kwamba ile vali ya tatu iliyodhaniwa kuwa baridi, kwa kweli ilikuwa ikipashwa moto mfululizo siku ya tatu sasa, na saa tano na nusu ingeongezewa moto. Akaenda kumtafuta Idil.

"Injinia, hizo si hitilafu mbili," alisema. "Ni moja, nayo ni yangu."

Akamweleza yote, bila kujitetea. Idil alisikiliza hadi mwisho, akatazama saa, kisha akamwambia Jecinta azuie amri zote mbili. Badala yake, hita ya tatu izimwe, ya pili iwashwe, watazame ni kipimajoto kipi kitapanda. Setilaiti ilipochomoza, watu saba walikuwa nyuma ya kiti cha Jecinta. Dakika ya sita, Jecinta akageuka.

"Ni cha tatu kinachopanda, Mzee. Cha tatu, na hita ni ya pili."

Dawa yake ilikuwa rahisi kuliko ugonjwa. Hakuna mkono uliohitajika kufika huko. Idil aliiagiza kompyuta ibadilishe majina, kipimajoto ilichokuwa ikikiita cha pili ikiite cha tatu, na cha tatu ikiite cha pili. Waliyayeyusha mafuta polepole, kwani yakiyeyuka ghafla hupasua bomba, na Odero ndiye aliyekaa akisema sasa ongeza, sasa ngoja. Ijumaa saa nne na nusu asubuhi visukumizi vyote vinne viliwaka sekunde tatu tatu. Jumamosi chombo kikaanza kupanda.

Jumatatu Odero alikuja na barua ya kuacha kazi. Benta alikuwa ameisoma, akakubali kwamba ni ya haki, ila alimtaka asiiache mezani kama mtu anayekimbia, ampe mwenyewe mkononi. Idil aliisoma amesimama, akaikunja, akamrudishia.

"Mzee, nani alichora plagi mbili zinazofanana?"

Odero alisita. "Ni wewe, Injinia."

"Basi tukianza kuandika barua hizi, yangu itatangulia." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuwa nimebakiza dakika arobaini niunguze chombo chetu. Ulikuwa na njia ya kunyamaza, hukunyamaza. Asante sana, baba yangu."

Katika ripoti aliyowapelekea wafadhili aliandika kosa jinsi lilivyotokea, na chini yake akaandika jina la aliyeligundua.

Jumapili iliyofuata, kanisani Jericho, wakati wa shukrani ulipofika Odero alisimama, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aoe. Alisema alikosea kazini, akasema kweli, akapokewa. Alimshukuru Mungu kwa Idil, kwa Jecinta na kwa Benta, na kwa kuwa umri wake haujawachosha watu. Akaketi. Walipotoka nje, jirani mmoja alimuuliza Benta kama mumewe amerudi reli. Benta akamwambia hapana, siku hizi yuko mbali zaidi ya reli, akamshika mumewe mkono wakaenda zao nyumbani kupika.