Usimvue Sato Nguo Yake

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, nimepiga magoti kando ya bwawa langu kule Butiama, mkono mmoja una samaki, mwingine una kipande kikavu cha gunia, nami nasugua. Nasugua sato mmoja mmoja mpaka ute wote umtoke, kama mtu anayesugua masufuria ya msibani. Harufu ya klorini ilinichoma pua. Na nilikuwa na furaha tele, ndiyo maana naona aibu kusimulia. Lakini nitasimulia, kwa sababu jana nimesikia umenunua dawa ya kuchanganya kwenye chakula cha samaki wako, kule kwenye vizimba vyenu vya ziwani Musoma, na samaki wenyewe hawaumwi.

Lile bwawa langu lilikuwa na kesi. Baba alipofariki aliacha bonde lenye chemchemi, na mdogo wake akalitaka kwa ajili ya ng'ombe wake. Wazee wa ukoo walikuwa tayari kumpa. Bibi yangu mzaa baba, Nyamisi, mwanamke mfupi asiyejua kusoma wala kuogopa, akasimama mbele yao akasema mjukuu wake atafuga samaki pale, wampe mpaka mavuno ya mtama. Wakikuta samaki, bonde ni langu. Wasipokuta, baba mdogo alete ng'ombe. Wazee wakakubali, wengine wakicheka.

Nilichimba mwenyewe mpaka viganja vikaota sugu. Nikaweka vifaranga vya sato, nikatia samadi, maji yakawa kijani, samaki wakanenepa. Kisha nikasikia wazee wanakuja kukagua kabla ya msimu kwisha. Hapo ndipo ujinga uliponivaa. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la saba, na kichwani mwangu usafi ulikuwa maji yanayoonekana mpaka chini. Nikatazama yale maji ya kijani, mawe yenye utelezi, samaki wenye ute, nikaona haya kama mama mwenye nyumba aliyefikiwa na wageni hajafagia.

Nikawahamishia samaki kwenye mapipa, pamoja na maji yao. Nikakausha bwawa, nikasugua mawe kwa brashi, nikaomba klorini ya kutibu visima, nikamwaga kwa ukarimu usio na kipimo. Nikajaza maji mapya. Ndipo nikaanza kuwafuta samaki mmoja mmoja na kuwarudisha. Pipa la mwisho sikulifikia, mikono ilikuwa imekufa ganzi. Nikasema hao nitawamalizia wageni wakiondoka.

Wazee walifika wakakuta maji meupe, changarawe zinahesabika. Walinisifu sana.

Siku ya tatu samaki wakaanza kuelea. Waliokuwa bado wanapumua walikuwa na mabaka meupe ubavuni, kama pamba ya Bunda imewaotea. Baba mdogo alipata habari kabla sijamaliza kuwafukia. Akaja na fimbo yake ya kuchungia, akasimama ukingoni.

"Nilisema mimi. Mtoto wa kike hawezagi bwawa. Kesho naleta ng'ombe."

Nilikimbilia kwa Bibi nikilia. Hakunibembeleza. Alitungua kibuyu chake cha maziwa ya mgando akakiweka mapajani mwangu.

"Ulishawahi kuniona naoshaga hiki kibuyu na sabuni?"

Nikasema hapana.

"Kwa nini?"

"Maziwa yanaozaga, Bibi. Hayagandi."

Nyumba nzima tulilijua hilo. Kibuyu kile kilisuuzwa kwa maji tu, kikasuguliwa ndani kwa kijiti kilichochomwa, na masalia ya maziwa ya jana ndiyo yaliyogandisha ya leo. Nililijua tangu sijaota meno ya ukubwani, na bado halikunisaidia kitu.

"Sasa wewe umemvua sato nguo, nyumba yake ukaiosha na sumu, halafu unanililia mimi," Bibi akasema. "Kuna vitu hatuvionagi kwa macho, na ndivyo vinatutunza. Wale wa kwenye pipa, wamekufa wangapi?"

Sikuwa hata nimewatazama. Nilikwenda nikafunua pipa. Walikuwa kumi na mmoja, ndani ya maji yao ya kijani, na ute wao mwilini. Wote wazima. Uvivu wangu ulikuwa umefanya kazi nzuri kuliko bidii yangu.

Kesho yake asubuhi baba mdogo alikuja kweli na kundi lake. Mimi nilikuwa nimeshatangulia, nimesimama kwenye kijia cha kuingilia bondeni. Nilimwogopa, mwanangu, nisikudanganye. Lakini wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo.

"Baba mdogo, heshima yako iko palepale," nikamwambia. "Ila nilipewa mpaka mavuno ya mtama, na mtama bado. Hapiti ng'ombe hapa."

Aliinua fimbo. Sikusogea. Wapita njia walikuwa wameanza kusimama, na neno la wazee kila mtu alilijua. Akageuza kundi lake akaenda, akiulaani mdomo wangu njia nzima.

Nikamwaga yale maji ya klorini mbali, bwawa nikaliacha lipigwe jua mpaka udongo ukapasuka. Nikajaza tena, nikatia samadi, na maji ya lile pipa nikayamimina kama mtu anayetia chachu. Nikalowesha mikono, nikawarudisha wale kumi na mmoja. Sato hahimizwi kuzaa. Mtama ulipoiva, ukingo wa bwawa ulikuwa unachemka vifaranga.

Wazee wakarudi. Baba mdogo akayatazama maji, akatema mate. "Machafu haya," akasema. Nililowesha mikono, nikamtoa sato mmoja mnene, nikampa mzee mkubwa kuliko wote. Samaki akamponyoka kwenye vidole, akarudi majini. Mzee alijifuta ute kwenye shati lake, akacheka.

"Huyu ni mzima," akasema. "Bonde ni la binti."

Ni langu mpaka leo, ingawa mimi nimehamia Nyasura.

Miaka mingi baadaye bwana samaki wa wilaya ndiye aliyenieleza kwa lugha ya shule. Akasema klorini peke yake ingetosha kuwaunguza matamvua wanayopumulia. Lakini akasema pia kwamba kwenye ule ute, kwenye matamvua na ndani ya utumbo wa samaki, wanaishi vijidudu visivyoonekana, jamii kwa jamii. Wapo wanaomsaidia kusaga chakula, na wapo wanaokalia nafasi ili wale wabaya wakose pa kukaa. Ukiwafukuza wenyeji, mgeni wa kwanza kuingia ni mwizi. Nikamwambia bibi yangu alilijua hilo kwa kibuyu. Asiyekujua hakuthamini.

Mwezi uliopita, kwenye mkutano wenu wafugaji wa vizimba pale Kitaji, nilisema haya mbele ya yule muuza dawa wenu. Mkacheka. Mmoja wenu akasema mambo ya vibuyu yamepitwa na wakati. Sawa, chekeni. Nimechekwa na wenye ng'ombe mia na bonde sikulitoa, sembuse nyie wenye simu.

Basi nisikilize. Dawa ni ya mgonjwa. Sato akiugua, muite mtaalamu, ampime, akupe kipimo, nawe ukifuate. Asipougua, ile dawa irudishe ilikotoka, maana inaua walinzi, na wabaya watakaobaki watakuwa wameizoea. Usirundike samaki kwenye kizimba mpaka wakachubuana. Usimshike kwa mkono mkavu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na muuzaji akikukazia macho, mkazie na wewe, kwa adabu, wala usisogee.

Mungu akulinde kwa yale unayoyaona na kwa yale usiyoyaona, mwanangu. Vizimba vyako vijae, na kila sato utakayemshika akuponyoke mkononi.