Kamera Inayofunguliwa Bafuni

Mikono yake haina hina. Katika chumba hiki cha bibi harusi, karibu na Shelly Beach, kila mwanamke amepakwa maua ya hina hadi viwikoni, isipokuwa mpiga picha.

Saa kumi alasiri. Udi unafuka, vigelegele vinatoka uani, na Mwanatabu Ishaka ameinama na kamera mbele ya Mwanabibi, bibi harusi wa leo. Filamu inakwisha. Anaifunika kamera kwa leso safi na kutoka mbio.

"Mpiga picha, mbona choo hukiachi?" shangazi mmoja anampigia kelele. "Na pilau hata haijapakuliwa!"

Chumba kizima kinacheka. Mwanatabu anajifungia bafuni, ambako tangu asubuhi amenyunyiza maji sakafuni na kutani ili vumbi lilale. Hapo tu ndipo anapofungua mlango wa nyuma wa kamera. Anaigeuza, uwazi ukitazama chini, na kuipuliza kwa kimpira cha kunyonyea kamasi za watoto wachanga.

"Kwa mdomo haifai," ananong'ona. "Mate yakiingia, vumbi linaganda. Na hina ikikauka hupukutika. Ndiyo maana mimi sipaki, hata Idi."

Shughuli hizi za wanawake hawaingii wanaume, na picha za waliofunua vichwa hazipelekwi studio za mjini. Mwanatabu hupiga, huzisafisha picha mwenyewe kwa dawa katika chumba cha giza nyumbani kwake Mtongwe, kisha hukabidhi picha pamoja na filamu yake. Kazi yote imesimama juu ya kuaminiwa.

Mwaka jana, 1988, nusura aipoteze kabisa.

Ilikuwa harusi ya Mastura, dadake Mwanabibi. Mwanatabu alikuwa akibadilisha filamu kando ya kitanda, kama desturi yake ya siku zile. Shangazi mmoja akapita na chetezo, akipepea makaa kwa kipepeo na kuwafukiza watu mmoja mmoja. Alipofika kwenye kamera iliyo wazi, akaifukiza pia.

"Nayo inukie," alisema.

Kiuzi cha ukindu kiling'oka kwenye kipepeo na kunasa ndani. Kila picha ilitoka na mstari mweusi usoni mwa Mastura.

"Nilipochungulia niliona kivumbi, nikapangusa kioo cha mbele," Mwanatabu anakumbuka. "Kumbe kile nilichokiona hakiharibu picha. Kinachoharibu kilikuwa nyuma, mahali filamu inapopokea mwanga, wala sikukiona."

Maneno yakaenea kwamba amempasua bibi harusi uso. Wateja wakamkimbia, akarudi kupika kaimati za kuuza. Ameitwa leo kwa sababu Mwanabibi alikataa katakata kuolewa bila picha.

"Ukiharibu tena, nitakutangaza Likoni nzima," Mama Mastura alimwonya mlangoni.

"Inshallah haitaharibika, mama."

Asubuhi ya pili, Mama Mastura yuko Mtongwe kabla chai haijaiva. Anaishika filamu iliyoning'inizwa na kuielekeza dirishani.

"Yallah! Mbona mwanangu ana nywele nyeupe na meno meusi?"

"Ngoja, mama, kwenye filamu kila kitu ni kinyume; nitamgeuza," Mwanatabu anacheka.

Wanaingia chumba cha giza. Chini ya taa nyekundu, karatasi inaelea ndani ya dawa. Zinatokea nyusi, kisha kipini puani, kisha tabasamu. Mama Mastura anainama mpaka pua yake inakaribia kugusa dawa. Anautafuta ule mstari mweusi, hauoni.

"Mashallah," anasema mwishowe. "Mzima." Kisha: "Na Mastura, akivaa tena nguo zake za harusi, utampiga picha?"

"Nitampiga, mama. Hata kesho."

Habari zimeenea haraka, na sasa Mwanatabu ana harusi mbili zilizoangukia siku ileile, baada ya Ramadhani, na mikono ni miwili tu. Anatafuta msichana wa kumfundisha. Wengi aliowauliza wamecheka, wakasema kamera ni kazi ya wanaume.

"Simtaki msomi," anasema akifuta meza kwa kitambaa kibichi. "Namtaka mwenye mkono mtulivu, asiyekuwa na haraka, na asiyependa maneno mengi."

Mimi msichana niliyeandika haya niliachia shule darasa la tano. Siku zote mbili nilikaa pembeni yake, hata bafuni, nikaaga, nikaenda zangu. Dada Mwanatabu, nilikuwa nikitaka kukwambia: nichukue mimi.