Mkwe na Vidole Vyangu Vyeupe

Jumamosi shuleni kwetu hukandika sakafu kwa mavi mabichi ya ng'ombe. Wenzangu hubana pua. Mimi huvuta ile harufu mpaka mwisho wa mapafu, na mwalimu huniona nimerukwa na akili. Nyinyi mkinisikiliza mtanielewa.

Nilizaliwa na vidole visivyojua kwamba vina mwenyewe. Asubuhi za kipupwe, kule kwetu upande wa Ushirombo, nikikanyaga umande tu, vya mikono na vya miguu hugeuka vyeupe kama muhogo uliomenywa, kisha vya buluu, na damu ikikumbuka kurudi, hurudi na siafu wake wote. Nyumbani walicheka, nami nilicheka nao. Nilipenda sana kumwekea binamu yangu Masanja kidole kimoja shingoni anapokunywa uji.

Kicheko kiliisha nilipofika umri wa kukamua. Ng'ombe niliyepewa tulimwita Mkwe, kwa kuwa hakutaka kuguswa ovyo. Nilipomshika chuchu kwa vidole vile, alipiga kibuyu teke, ardhi ikanywa maziwa.

"Hiyo mikono ya maiti," alisema Masanja. "Itamkausha."

Baba alisema mtoto asiyeliweza zizi aende Nkome kwa mjomba, akaanike dagaa juani. Nililia kimyakimya. Nkome sikupajua, ila nilijua kwamba huko hakuna Guku, yaani babu yangu, ambaye usiku nilichomeka miguu yangu kati ya miguu yake naye asigune.

"Mwacheni kwanza," Guku alimwambia baba. "Kesho atamwamkia Mkwe vizuri."

Kesho yake nilipiga goti mbele ya ng'ombe kama nilivyofundishwa, nikasema, "Ng'wangaluka, Mkwe." Mkwe, aliyekuwa amelala, akainuka polepole, akajinyoosha, akaachia rundo linalofuka mvuke. Nikatumbukiza miguu yote miwili. Ukafuata mkojo, nikanawa mikono humo, kama wafugaji tunavyofanya. Vidole vikarudi nyumbani kimoja kimoja. Nilipomkamua alisimama kama yupo kanisani.

Ikawa hivyo kila asubuhi ya baridi. Ng'ombe wenzake wameshainuka zamani, yeye tu ananingoja. Nkome haikutajwa tena. Nilijisifu kijiji kizima kwamba kuna ng'ombe anayeitikia salamu yangu. Masanja alipomsalimia wake, aliambulia mkia usoni.

Likizo iliyopita, siku moja niliamka mapema kuliko kawaida. Nilimkuta Guku zizini, amechutama kando ya Mkwe, ambaye sasa ni mzee kama yeye. Mkwe alitaka kuinuka. Guku akamkuna shingo taratibu, akatulia. Ng'ombe yeyote akiinuka asubuhi huachia mzigo, hilo hata mtoto analijua. Ila sikuwahi kujiuliza kwa nini wangu peke yake huchelewa kuinuka.

"Shikamoo, Guku."

"Marahaba. Umewahi mno," alinong'ona, kama mtu aliyefumwa jikoni. "Bado hajawa tayari."

Nikamshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kama vyangu, na vya baridi kuliko vyangu.

Mkwe akainuka, akafanya yake. Nilimwambia Guku atangulie. Akasema mzee hagombei mavi na mjukuu. Nikasema basi nami siingii, na maziwa yabaki humohumo kwa Mkwe.

Alinitazama, akavua makubazi. Tukasimama humo wote wawili, tumeshikana mikono kwa kuwa panateleza, tukiingoja damu.