Mstari wa Kati wa Dada Aikande

Juzi nilikwenda Kariakoo kutafuta kitambaa cha pazia, nikajikuta nimesimama mbele ya duka la vifaa vya michezo kwa sababu ya harufu tu. Mipira mipya ya kikapu ilikuwa imening'inizwa mlangoni kwenye nyavu, jua limeipiga tangu asubuhi, na ile harufu kali ya mpira mpya ikanivuta hadi ndani. Muuzaji akaniuliza kama namtafutia mtoto. Nikamwambia najitafutia mwenyewe. Akacheka, akidhani natania. Nyinyi msinicheke, kaeni niwasimulie.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikaa Mchafukoge, jirani na Kariakoo, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa la baba. Baba yangu, Mwarabu wa pale pale mjini, alikuwa na msimamo kuhusu kila kitu, na kuhusu mtoto wa kike kukimbia hadharani alikuwa nayo miwili: asikimbie, na akikimbia asionekane. Aliyeweza kumlainisha ni Dada Aikande peke yake. Huyu alikuwa binti wa Mchaga mmoja aliyeuza ndoo na mabeseni kwa jumla Kariakoo, binti wa miaka ishirini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya kumwita mtu wa ghorofa ya tano bila kupanda ngazi. Alikuja dukani, akatoa shikamoo yake vizuri, akanywa kahawa ya baba yote, kisha akamweleza kwamba anaanzisha timu ya kikapu ya wasichana, na kwamba nitavaa suruali ndefu na mtandio. Baba akasema atafikiria. Kwetu, baba akisema atafikiria, ujue ameshakubali.

Basi, Dada Aikande alitufundisha kwa kitabu. Alikinunua kwa wauza vitabu vya mitumba barabarani, kitabu cha Kiingereza, hakina jalada wala kurasa za mwanzo. Ndani mlikuwa na picha za wasichana wa Kimarekani waliovaa kaptula pana zinazogusa magoti na soksi ndefu, nywele wamezichana kama wanakwenda kanisani. Kocha wao mwanamke, kavaa sketi. Refa wao mwanamke, filimbi shingoni, kanyoosha kidole kama mtu asiyetaka maswali. Jamani, refa mwanamke! Ile picha tuliigombania mpaka kona yake ikachanika, na kila mmoja wetu aliapa kuwa akikua atakuwa na filimbi yake.

Kitabu kilisema kila timu ina wachezaji sita. Watatu wanashambulia, watatu wanalinda, na mstari wa kati hauvukwi. Ukishika mpira unaudunda mara mbili tu, kisha unatoa pasi. Hatukushangaa hata kidogo. Sote tulitokea kwenye netiboli ya shule, ambako kila mchezaji ana eneo lake na ukitoka filimbi inalia. Tukaona kumbe na Wamarekani wana akili zao. Mimi nikawekwa mlinzi, na kwa wiki nyingi sikujua nusu ya pili ya uwanja ina ufa wapi.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa saruji, umebanwa katikati ya maghorofa, na mwenye ufunguo wa geti alikuwa Mzee Tindwa, msimamizi asiyecheka na mtu. Vijana wa kiume waliutaka saa zote. Alitupa muda wa saa mbili kila Jumamosi asubuhi, kwa majaribio, na ilipofika mwezi wa pili akamwambia Dada Aikande alete timu tucheze nayo mbele yake. Akiona mchezo, Jumamosi zitabaki zetu. Akiona vichekesho, zinarudi kwa vijana. Na sisi hatukuwa na pengine pa kwenda. Nyumbani ni ngazi, mtaani ni mikokoteni na pikipiki.

Wakaja wasichana wa Magomeni, na kocha wao, mama mnene mwenye kofia. Vijana walijaa ukutani kutungoja tuharibu. Baba naye alitokea, kasimama mbali kabisa, eti anapita tu.

Refa, kijana mpole, alituhesabu uwanjani. Akahesabu tena. Akamwita Dada Aikande pembeni na kumweleza kwamba timu ni ya watu watano. Wakabishana kwa heshima, na mwishowe mwenzetu Rehema akatolewa, analia kwa kwikwi. Hapo ndipo vijana walipoanza kucheka, na mpira wenyewe haujaanza.

Ulipoanza, msichana wa Magomeni akaudunda mara tatu, nne, tano. Nikanyoosha mkono kumshitakia refa. Akavuka mstari. Sote tukasimama kungoja filimbi, nasi tuna uhakika kabisa, na yeye akaenda taratibu akatia kikapu kama mtu yuko peke yake nyumbani kwao. Wakarudia hivyo hivyo mara sijui ngapi. Mimi nikiupata mpira, nafika mstari wa kati nafunga breki, natafuta wa kumpasia, na wenzangu upande wa pili wamezungukwa. Kijana mmoja akapaza sauti kwamba nivuke, pale si bonde la Jangwani, hakuna mafuriko. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Bibi alizoea kuniambia mcheza kwao hutunzwa. Mimi siku ile nilitunzwa kicheko.

Wakati wa mapumziko hatukuwa na pointi hata moja. Mzee Tindwa alikuwa anachezea ufunguo kidoleni. Dada Aikande akamwendea kocha wa Magomeni na kitabu chake, na yule mama akakifunua, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Hakucheka kwa ubaya. Alimweleza kwamba hizo zilikuwa sheria za wanawake wa kule zamani, zilikwisha kuachwa pengine kabla sisi hatujazaliwa.

Dada Aikande akarudi kwetu. Angeweza kukilaumu kitabu, au refa, au sisi. Alichuchumaa mbele yetu na kusema kwa sauti ile ile ya ghorofani, vijana wote wakisikia:

"Nimewafundisha vibaya. Kosa ni langu, si lenu. Mstari haupo tena. Kimbieni mpaka uwanja uishe."

Kipindi cha pili nilipofika mstarini miguu iligoma. Nikamtazama baba kule mbali, nikavuka. Wallahi sijawahi kuonja furaha kama ile. Nilikimbia nikicheka, hata mpira niliusahau kidogo. Na kwa kuwa tulizoea kudunda mara mbili tu, pasi zetu zilikuwa za haraka mno, wenzetu wa Magomeni wakawa wanageuza shingo tu. Tulifungwa, lakini kwa pointi chache, na kipindi kile tulikishinda sisi. Mzee Tindwa akawageukia vijana akawaambia kwamba wao kila mmoja hucheza na mpira wake, hawa wasichana wanapasiana, kwa hiyo Jumamosi ni ya wasichana. Baba naye, jioni alimwambia mama aniongeze nyama.

Nilipokuwa mtu mzima nilisoma kwamba wanawake wa Marekani kweli walifungiwa nusu ya uwanja miaka mingi, kwa kuwa wakubwa waliamini mwili wa mwanamke hauwezi kumaliza uwanja mzima. Wachezaji, makocha na marefa wanawake wakabishana, wakajaribu, wakabishana tena, mpaka mstari ukaondoka. Nikamfuata Dada Aikande, ambaye sasa ndiye mwenye duka la ndoo, kumpa habari hizo. Alifurahi kama mtoto. Nikamwuliza yeye alifundishwa na nani kabla ya kitabu.

"Nani angenifundisha, Salma? Sikuwahi kuushika mpira kabla ya Jumamosi ile ya kwanza. Nilikuwa ukurasa mmoja tu mbele yenu."

Nikamwuliza mbona basi hakucheza nasi hata siku moja, hakurusha hata mara moja kwenye kikapu. Akaendelea kupanga mabeseni yake, akaniambia mpira ulikuwa mmoja, saa zilikuwa mbili, na sisi tulikuwa kumi na wawili.

Miaka yote ile tulidhani hapendi kucheza.