Saa ya Laptop Yangu na Neno la Dada

Pale kijijini kwetu Kitangari, juu mlimani, mimi ndiye mtaalamu wa kompyuta. Cheo hicho nilijipa mwenyewe, na kwa kuwa hakuna aliyebisha, kichwa kikavimba.

Kitu kimoja kilinikera: saa ya laptop. Mimi naamka saa kumi na mbili, yenyewe inaniambia saa sita. Sita ya wapi? Siku moja nikairudisha nyuma saa sita nzima, ikawa inasoma kama tunavyosoma sisi. Majirani wakaja kuitazama. Nikawaambia kwa maringo, "Nimeifundisha Kiswahili."

Wakati huo mama alikuwa ameanza kusahau. Mara aniite kwa jina la mjomba, kisha acheke mwenyewe. Kulikuwa na habari moja tu aliyoogopa kuipoteza, ya dada yangu, mtoto wake wa kwanza, ambaye mimi sikumkuta. Aliugua akiwa na miaka minne. Mama alimbeba mgongoni, kwa miguu, akateremka naye kuelekea hospitali ya Ndanda, na njiani mtoto akasema neno lake la mwisho.

"Liandike, baba," mama aliniambia, "kabla halijanitoka."

Basi asubuhi moja, nikiwa kazini Masasi, nilichapa mwanzo wa habari kwenye kompyuta ya ofisi nikauweka kwenye flashi. Alasiri nikapanda Kitangari, nikauhamishia kwenye laptop, nikaendelea. Mama alisimulia mpaka mwisho, machozi yanamtoka. Mimi nahangaika na ukubwa wa herufi! Neno lenyewe liliingia masikioni, likashukia vidoleni, likaishia hapo. Nilikumbuke la nini, na mashine ipo? Nikachomeka flashi tena, nikaiachia kazi programu yangu ya bakapu, ile inayosaka kila faili lililobadilika na kulinakili. Ikaandika: tayari. Nikaenda kula.

Mwezi uliofuata laptop ilidondoka kwenye bodaboda, ikafa. Mke wangu akashika kichwa, mimi nacheka. "Tulia, mama watoto, nina bakapu."

Nikafungua flashi. Habari iliishia pale mama anapomfunga mtoto mgongoni.

Siku mbili nilimlaumu aliyetengeneza programu, nikaitukana na flashi. Kumbe ile programu haisomi maneno, inalinganisha saa tu. Kompyuta ya ofisi, inayohesabu Kizungu, ilikuwa imeandika kwamba faili la asubuhi, saa nne yetu, ni la saa kumi. Laptop yangu, mwanafunzi wangu mtiifu, ikaandika kwamba la alasiri ni la saa tisa. Programu ikaona la saa tisa ni la zamani, ikaliruka. Loo, mtaalamu mimi! Niliona aibu hata kusalimiwa.

Jumapili mama aliniita kitandani kwake.

"Nisomee la dada yako. Nalitafuta, silipati."

Ningesema kweli. Nilimtazama usoni, nikashindwa. Nikachukua karatasi niliyokuwa nimeichapisha kutoka kwenye flashi, nikasoma mpaka ilipoishia, kisha nikaendelea kusoma pasipo na kitu. Huku kwetu juu, maji yanakofuatwa mbali, kuna neno moja lililonijia upesi.

"Akasema, 'Mama, nina kiu.'"

Mama akaziba mdomo kwa kanga.

"Nilimpa maji?" aliuliza.

"Ulimpa, mama."