Siku Nilipokalishwa Mkekani Nyamisati

Jambo hili linanitia haya mpaka leo, na ningelizika moja kwa moja kama si watu wa Nyamisati wanaolisimulia upya kila boti inapofika, na wale wa Kiongoroni waliolitia chumvi yao (eti nilipakwa unga uso mzima, uongo mtupu, ulikuwa viganjani tu), basi bora mlisikie kwangu mimi niliyekuwepo, tena katikati.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtoto wa Kibiti niliyeondoka na begi moja la mgongoni, nikaosha vyombo kwenye mikahawa ya Poland miaka minne, nikajisomesha bila mjomba wala mbunge, nikarudi na Diploma ya Usimamizi wa Muziki yenye muhuri wa kubonyea (ukipitisha kidole unausikia). Nimeitundika sebuleni, na kila mgeni namkalisha mahali ambapo hawezi kuikwepa.

Huko Poland ndiko nilikokutana na bendi. Ni bendi huru, haina kampuni wala bosi: Dorota wa Poland kwenye fidla, Fergal wa Ireland kwenye kodiani, na Mateus, Mbrazili, kwenye ngoma. Muziki wao ni panki ya kiasili, yaani wanachukua wimbo wa bibi wa mtu, wanaupiga mbio na kwa kelele kama vile nyumba inaungua. Mimi nilikuwa msimamizi wao na pia, kama ilivyoandikwa kwenye fulana zao, mshauri wa utamaduni.

Nikawaleta Rufiji, na nisiwadanganye, sikuwaleta kwa ajili ya muziki tu. Nilikuwa nimeposa Kiongoroni, kwa Rukia, mwalimu wa chekechea mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto, na mama yake, Bi Tatu, alikuwa hajatoa jibu. Mshenga wangu, Mzee Kassimu, kila akienda alirudi na maneno yaleyale: "Bado wanakutazama." Nikasema haya, kama wanataka kutazama, ngoja niwape cha kutazama.

Onyesho nikalipanga Nyamisati, jirani na gati, baada ya sala ya alasiri. Wakwe wangekuja na boti maji yakiwa yamejaa. Viti vya mbele nikavibandika majina, na Mzee Kassimu alipoona jina la Bi Tatu kwenye kiti cha katikati akashika kidevu.

"Baba, mkwe hakalishwi uso kwa uso na mkwewe. Wewe ukimwona njiani unatakiwa uingie porini."

"Mzee, hii ni itifaki ya kimataifa."

"Haya. Kimataifa."

Sasa njooni kwenye kosa lenyewe, kosa dogo la dakika kumi. Bendi ilitaka mdundo mmoja wa kwetu. Siku mbili kabla nilikuwa Ikwiriri, juu ya bodaboda, tukapita mtaa wa nyuma, nikasikia ngoma ndani ya uzio wa makuti, wanawake wanaitikia, mdundo unakuja, unasita, unakuja tena. Nikamwambia dereva simama, nikasogeza simu kwenye uzio, nikarekodi. Dereva hata pikipiki hakuizima.

"Braza, hapa mwanaume hasimami. Panda twende."

"Unajua mimi nimesomea nini?"

"Sijui. Ila hawa humo ndani hawajui pia."

Shangazi yangu anakaa nyumba ya nne kutoka pale, ningeweza kumuuliza. Lakini mshauri wa utamaduni amuulize nani? Nikampa Mateus rekodi, na ndani ya saa moja alikuwa ameushika mdundo wote.

Siku ikafika, uwanja ukajaa. Nikapanda jukwaani na kizibao cha Kipolandi (jua la Nyamisati halikijui kizibao), nikatoa hotuba, diploma nikaitaja mara tatu, kisha nikasema: "Na hii ni zawadi kwa wakwe zangu, mdundo wa asili yetu!" Mateus akaanza.

Wanaume waliokuwa wakipiga makofi, mikono ikaganda hewani. Halafu wakainuka, mmoja mmoja, kisha kwa makundi, wakaondoka kwa mwendo wa mtu aliyesahau chungu jikoni, wakaenda kujificha nyuma ya rundo la boriti za mikoko. Mimi nikadhani wanakwenda kuwaita wenzao! Nikampa Mateus ishara aongeze kasi.

Kumbe mdundo ule ni wa unyagoni, wa ndani kabisa. Hupigwa kungwi anapomkalisha mwali mkekani aanze kumfunda. Mwanamke aliyechezwa unyago akiusikia lazima aitikie, na mwanamume akiusikia huongeza mwendo. Mimi nilikuwa nimeutia kwenye spika nne.

Wanawake wakapiga vigelegele, wengine kwa hasira, wengine kwa kicheko. Bi Tatu akainuka. Hapo ndipo nilipojua kuwa mama mkwe wangu ndiye kungwi mkuu wa Kiongoroni. Akajifunika khanga uso, akanipa mgongo, akamwambia jirani yake kwa sauti ya kufika hadi gatini:

"Muulizeni huyo. Mdundo umeita. Mwali yuko wapi?"

Nami, kipaza sauti mkononi, nikajibu kwa fahari: "Mama, mimi ndiye niliyeuleta!"

"Amekiri," akasema Bi Tatu. "Tandikeni mkeka."

Ningekimbia, lakini wapi? Maji yalikuwa yameshakupwa, boti zote zimelala kwenye tope, na hata wakwe zangu wasingeweza kuondoka kwa hasira, ikabidi wabaki wawe na hasira palepale. Nikaketishwa, miguu imenyooshwa, kichwa kimeinamishwa, khanga juu yake, unga viganjani. Fergal na Mateus wakageuzwa watazame mikoko. Mateus aliendelea kupiga, maana ishara ya kunyamaza ilikuwa yangu, na mikono yangu ilikuwa na kazi nyingine. Dorota akavishwa khanga akaingizwa kundini.

"Nini kinaendelea?" akaniuliza kwa Kipolandi.

Mwali hasemi. Nikanyamaza.

Niliyofundwa siyatoi, nimeshakoma. Ila moja waliniruhusu: "Aliyefundwa huuliza, hata kwao." Nililirudia mpaka maji yakajaa, na muda wote huo nilikisikia kicheko cha Rukia juu ya sauti zote. Kile ndicho kilichonichoma, maana sikujua ananicheka au ananiaga.

Bendi ilirudi Ulaya na wimbo mmoja wa kupepeta mpunga, ambao Dorota aliuomba kwa Bi Tatu kwa adabu akapewa. Fulana mpya zimetoka, jina langu lipo, ila cheo cha mshauri hakipo. Diploma nimeihamishia chumbani. Na nikisikia ngoma nyuma ya uzio, hata ya harusi, naongeza mwendo. Hicho ndicho kiapo changu.

Juzi Mzee Kassimu alirudi kutoka Kiongoroni. Jibu lilelile: bado wananitazama. Nilifungua mdomo niseme jambo kuhusu Poland, nikaufunga.

"Mzee," nikasema, "unadhani nifanyeje?"

Akachukua kofia yake na kusimama tena, na hata chai hakuimaliza.

"Ngoja nikawaambie," akasema. "Umeuliza."