Viazi vya Idi Bila Sukari

Harufu ya iliki jikoni mwangu hapa mjini Sib imenirudisha kwenye Idi moja ya utotoni. Bibi alikuwa katoka hospitali kwa maradhi ya sukari, na mama akapika viazi vitamu kwa tui jepesi na iliki, bila sukari hata chembe. Kwetu mtu hali mpaka mkubwa aonje. Bibi akatafuna polepole, sote tunamtazama mdomo. Akakunja uso.

"Nani katia sukari humu? Mnataka kuniua?"

"Wallahi hamna, mama. Ni utamu wa viazi vyenyewe," mama akamjibu.

Bibi akaongeza sahani ya pili. Mama alicheka mpaka akakaa chini, anafuta machozi kwa kanga.

Leo viazi vimeiva, tui jepesi vile vile. Hakuna aliyegusa kijiko. Wajukuu wananitazama mdomo.